Mtihani wa leseni ya masaji Marekani: siku yenyewe ikoje?

Wadau mlioko Marekani mnaosomea masaji, mtihani unaokubalika kwenye majimbo mengi ni MBLEx. Unafanyika kwenye kompyuta, katika vituo vya Pearson VUE.

Kabla ya misuli na mifupa, angalia jina lako. Unatakiwa uwe na vitambulisho viwili, kimoja kiwe cha serikali chenye picha na saini, na jina lifanane na ulilojiandikishia. Sisi wa jina la baba na la babu hapa ndipo penye balaa: ukijaza la baba kama la ukoo wakati pasipoti inaonyesha la babu, unaweza kurudishwa mlangoni na ada isirudi. Ni dola 265 hizo jamani!

Fika nusu saa kabla. Simu, saa na pochi vinabaki nje ya chumba.

Maswali ni 100 ya kuchagua jibu, dakika 110, kwa Kiingereza au Kihispania. Ukipatia, linalofuata huwa gumu zaidi, kwa hiyo ukiona yanazidi kukaza usitishike. Kurudi nyuma hamna. Na si anatomia tu, kuna maadili, na lini usimguse mteja kabisa, mfano mwenye damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu.

Matokeo unapata hapo hapo. Ukifeli unasubiri siku 30 na unalipa upya. Ukifaulu, usianze kuita wateja kesho yake: leseni inatolewa na jimbo, na ombi lake ni fomu nyingine na ada nyingine.