Chumvi ya Uvinza na Mfupa wa Kisogo

Zamani, kabla reli haijafika Kigoma wala gari halijasikika katika milima ya Buha, chumvi iliyochemshwa kwenye chemchemi za Uvinza, ilipopandishwa kuelekea Heru na Muhambwe, nchi ambazo leo twaziita Kasulu na Kibondo, haikuwa na chombo cha kuichukua ila bega la mwanadamu, na aghalabu kichwa chake. Biashara hiyo ni kongwe mno: watafiti Sutton na Roberts, waliochimba pale katika miaka ya 1960, walikuta dalili za watu tangu karne ya tano au ya sita.

Ngata, ule mduara wa majani au kitambaa kilichosokotwa, huutuliza mzigo utosini, lakini uzito haukomei hapo. Huteremka kwa kuta za fuvu hata ukafika kitakoni mwake, ambapo mifupa ya panja iliyoko ubavuni, na ule wa katikati uitwao sfenoidi, wenye sura ya popo aliyekunjua mbawa, yote imeshikamana na mfupa wa kisogo. Huo wa kisogo ndio hamali wa wenziwe. Una tundu kubwa ambamo ubongo huungana na uti, na kando ya tundu hilo vifundo viwili laini, cha kulia na cha kushoto, vilivyokalia pingili ya kwanza ya shingo. Na shehena yote, iwe chumvi, iwe kuni, iwe mtungi wa maji, hupitia juu ya vifundo hivyo visivyozidi upana wa kidole.

Mabingwa wa tiba wa Ulaya waliiita pingili hiyo Atlas, kwa jina la jitu la Wayunani lililobeba mbingu. Nami naona mama wa Kiha, aliyeshuka bonde la Malagarasi akapanda tena na mzigo wake, angaliistahiki zaidi heshima hiyo.

Msafiri Stanley, alipovuka Buha mwaka 1871, alinung'unika sana juu ya hongo aliyotozwa na wakuu wa nchi, na manung'uniko yake yamesomwa dunia nzima. Shingo zilizobeba nguo za hongo hiyo hazikupata wasomaji wengi hivyo.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, ikapita Uvinza penyewe. Haikupanda Kasulu wala Kibondo, na siku za soko ngata husokotwa huko hata leo.