Lev Yashin, Mlinda Mlango Aliyeuacha Mstari

Katika zama zilizotangulia Vita Vikuu vya Pili, na hata miaka kadhaa baada yake, ada ya walinda mlango wengi wa Ulaya ilikuwa ni kusimama juu ya mstari baina ya milingoti miwili na kuingoja shari iwajie, na ustadi wao ukapimwa kwa wepesi wa mikono tu. Mambo yaliyotukia hatua kumi mbele ya macho yao yalihesabiwa kuwa dhima ya mabeki. Wapo wachache waliothubutu kuivunja ada hiyo, na mmoja wao ni Gyula Grosics wa Hungaria, lakini aliyeivunja hata ulimwengu mzima ukakubali kwamba kazi yenyewe imebadilika ni Lev Ivanovich Yashin, aliyezaliwa Moscow tarehe 22 Oktoba, 1929, katika jamaa ya wafanyakazi wa viwandani.

Utoto wake ulikatwa na vita. Kabla hajatimiza miaka kumi na minne alikwisha kuingia kiwandani kufanya kazi ya watu wazima, na mpira akaucheza katika saa za mapumziko, mpaka klabu ya Dynamo Moscow ikamwona na kumchukua. Mwanzo wake huko haukuwa wa kusifiwa. Katika mojawapo ya mechi zake za awali alitoka kuufuata mpira mrefu uliopigwa na mlinda mlango wa upande wa pili, akagongana na beki wake mwenyewe, na mpira ukapita ukaingia wavuni. Fauka ya hayo, mbele yake alikuwapo Alexei Khomich, aliyepata jina la Chui Milia pale Dynamo ilipozuru Uingereza mwaka 1945, wala haikuwa rahisi kwa kijana kumwondoa langoni bingwa wa namna hiyo. Katika muda huo wa kungoja Yashin alilinda lango la Dynamo katika mpira wa magongo wa barafuni, na mwaka 1953 akatwaa nao Kombe la nchi. Mimi naamini kwamba barafu ilimfunza sana, kwa kuwa katika mchezo ule kitu kinachorushwa ni kidogo na chenye kasi, na mlinzi asiyejongea mbele kumpunguzia mpigaji nafasi huwa amekwisha kushindwa.

Aliporudi kwenye kandanda na kulishika lango kwa dhati, watu waliona jambo geni. Aliliacha lango akaenda kuupiga ngumi mpira wa kona juu ya vichwa vya washambuliaji. Alitoka nje ya eneo la adhabu kuuondoa kwa mguu. Aliwapigia mabeki kelele muda wote akiwapanga. Na kila alipoudaka aliurusha upesi kwa mkono kumpa mwenziwe aliye wazi, hata shambulio likaanzia kwake. Kwa mwendo huo Muungano wa Kisovieti ulitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki huko Melbourne mwaka 1956, na mwaka 1960, mjini Paris, ukaifunga Yugoslavia mabao 2 kwa 1 katika muda wa nyongeza na kulichukua Kombe la Mataifa ya Ulaya lilipochezwa kwa mara ya kwanza.

Kisha likaja Kombe la Dunia nchini Chile, mwaka 1962. Huko Arica, katika mechi na Kolombia, Wasovieti waliongoza kwa mabao 4 kwa 1, na mechi ikaisha 4 kwa 4. Bao moja Marcos Coll alilipata kwa mpira wa kona ulioingia moja kwa moja. Siku saba baadaye wenyeji waliwatoa kwa mabao 2 kwa 1 katika robo fainali. Watu wa Moscow hawakuiona michezo hiyo. Walisoma magazeti, na magazeti yalimbebesha lawama yote mlinda mlango. Aliporejea alizomewa viwanjani, na madirisha ya nyumba yake yakavunjwa kwa mawe. Hukumu ile ilikuwa dhulma, kwani mabao manne yaliyorudishwa na Kolombia yalipita kwanza mbele ya safu nzima ya walinzi. Yashin alikaribia kuuacha mpira kabisa, akaenda zake shamba kuvua samaki.

Mwaka uliofuata alijibu kwa kazi. Dynamo ilitwaa ubingwa ikiwa imefungwa mabao machache mno. Tarehe 23 Oktoba, katika uwanja wa Wembley, Chama cha Kandanda cha Uingereza kilipoadhimisha miaka 100, aliilindia timu ya wateule wa dunia lango kwa kipindi cha kwanza, na hakufungwa. Mwezi wa Novemba, mjini Roma, aliudaka mkwaju wa penalti wa Sandro Mazzola wa Italia. Mwisho wa mwaka huo akapewa tuzo ya Mpira wa Dhahabu, na tangu tuzo hiyo ilipoanzishwa mwaka 1956 hata leo hakuna mlinda mlango mwingine aliyeipata.

Aliendelea miaka minane zaidi. Mwaka 1966, akikaribia umri wa miaka 37, aliifikisha timu yake nafasi ya nne ya Kombe la Dunia, na katika mechi yake ya mwisho huko alifungwa penalti na Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji. Tarehe 27 Mei, 1971, halaiki ya watu waliozidi laki moja ilijaa katika uwanja wa Lenin kumuaga, na nyota wa mataifa mengine, Bobby Charlton na Gerd Müller miongoni mwao, walisafiri hadi Moscow kucheza mbele yake.