Timbo laweza kuwa ziwa, lakini si kila timbo

Kuanzia Waa na Tiwi hadi Ukunda na Msambweni, ukanda wetu umejaa matimbo. Jiwe la matumbawe huchimbwa, nyumba na mahoteli hujengwa, shimo likabaki. Masika ikifika hujaa maji. Watoto huoga humo, mbuzi hunywa humo, na pana hatari ya mtu kuzama. Na tangu uchimbaji wa madini ya titani ulipokoma Kwale mwezi Desemba 2024, swali la ardhi iliyochimbwa limekuwa letu sote. Wapo wanaotaka maziwa ya kupumzikia. Mimi nasema yawezekana, kwa masharti.

Mfano tunao ng'ambo ya kivuko. Huko Bamburi, mwaka 1971, René Haller alianza kupanda miti katika timbo la kiwanda cha saruji. Kati ya aina 26 alizojaribu, 3 tu zilistahimili, mvinje ukiwa mmojawapo. Majongoo wakala majani yake makavu na kuyageuza udongo. Yakafuata mabwawa ya samaki, viboko na wageni. Leo pahali hapo ni Haller Park. Lakini kazi hiyo ilichukua miaka mingi.

Jambo la kwanza ni maji yenyewe. Jiwe la matumbawe lina vitundu, halizuii maji. Ukichimba hadi kwenye maji ya ardhini, ziwa lako limeungana na visima vya majirani: uchafu ukiingia humo, nao wataunywa. Kwa hiyo karibu na visima vya Tiwi, vinavyotegemewa na watu wengi, nisingeruhusu ziwa la starehe. Karibu na pwani pia maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi. Kwa kadirio la wataalamu, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huashiria takriban mita 40 chini yake. Ukipiga pampu kupita kiasi, chumvi hupanda. Timbo lililo juu ya maji ya ardhini latakiwa kutandikwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, au turubai maalumu ya plastiki.

La pili ni kingo. Timbo lina kuta zilizosimama wima. Aliyetumbukia hana pa kushika. Ukuta ukatwe uwe mteremko. Pale pa kuogelea, ushuke mita 1 kwa kila mita 6 hadi 10 za mwendo, na mahali penye kina pazungushiwe kamba na maboya. Sehemu ya katikati ibaki na kina cha kutosha, ili magugu yasilifunike ziwa lote.

La tatu ni kichocho, maradhi yanayojulikana sana Msambweni. Konokono wanaoyaeneza hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Basi ufuo wa kuogelea uwe wa mchanga na usafishwe majani kila mara. Vyoo vijengwe kabla ya maji kujazwa, mbali na ukingo, kwani mkojo wa mgonjwa ndio unaorudisha mayai majini. Perege wafugwe wale viluwiluwi vya mbu, ingawa hawatoshi peke yao.

La nne ni sheria. Mradi kama huu wahitaji tathmini ya mazingira na leseni ya NEMA chini ya sheria ya mwaka 1999, pamoja na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla ya leseni kutolewa. Tuitumie kuuliza nani atamlipa mlinzi wa waogeleaji, nani atapima maji, na kama mtoto wa kijijini ataingia au atabaki nje ya ua.

Pasipo na majibu, shimo lijazwe udongo, lipandwe mivinje na minazi. Hiyo nayo ni faida.