Namna ya kuandika ombi la ruzuku: mwongozo kwa parokia na mashirika yetu

Miaka michache iliyopita sisi hapa Kampemba tuliandika ombi la cherehani za umeme kwa ajili ya mabinti walioacha shule. Tulikuwa tumesikia kwamba wafadhili wanapenda miradi ya ushonaji. Fedha zilikuja na cherehani sita zikanunuliwa. Lakini katika mtaa wetu umeme unaweza kukosekana siku nzima, nasi katika bajeti hatukuweka jenereta wala mafuta. Mjumbe wa mfadhili alipofika, alikuta mlango una kufuli. Akauliza: "Nani aliwaomba cherehani hizi?" Tulikosa jibu, na awamu ya pili hatukupewa.

Tunaandika mwongozo huu ili wengine wasipite njia hiyo.

Ombi la ruzuku ni nini?

Ni ahadi iliyoandikwa: tatizo hili, watu hawa, kazi hii, gharama hii, muda huu. Nehemia alipoulizwa na mfalme anataka nini, hakusema tu "tusaidie". Alitaja mji, akapanga muda wa safari yake, akaomba barua za kupita kwa watawala, na miti ya malango na ya ukuta (Nehemia 2). Alikuwa amelia na kuomba kwanza, ndipo akaja na hesabu.

1. Anzeni na mtaa

Kabla ya kushika kalamu, kaeni na wale mnaotaka kuwasaidia: mama wa soko, vijana, wazee, shefu wa kartie. Waulizeni shida gani inawabana zaidi, na wao wenyewe wamejaribu nini. Andikeni tarehe, idadi ya waliohudhuria na maneno yao. Kurasa hizo ndizo ushahidi wenu.

2. Karatasi za sheria

Nchini Congo, mashirika yasiyo ya faida (ASBL) yanaongozwa na Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Utu wa kisheria hutolewa na Waziri wa Sheria, baada ya maoni mazuri ya waziri wa sekta mnayofanyia kazi. Mashirika ya dini nayo yamo katika sheria hiyo. Parokia isiyo na karatasi zake yenyewe iulize jumuiya yake kama inaweza kuomba kwa jina la jumuiya. Wekeni tayari katiba ya shirika, orodha ya viongozi, na akaunti ya benki yenye jina la shirika. Akaunti ya mchungaji haifai, hata kama mchungaji ni mwaminifu. Paulo mwenyewe, katika mchango wa Yerusalemu, alituma watu kadhaa pamoja ili asilaumiwe na mtu (2 Wakorintho 8).

3. Sehemu za ombi

Kila mfadhili ana fomu yake, lakini karibu zote zinauliza haya:

- Muhtasari: nusu ukurasa. Uandikwe mwisho, ingawa unakaa mwanzo.
- Tatizo: linahusu nani, wapi, na tangu lini.
- Lengo: mabadiliko mnayotaka kuyaona. "Kununua cherehani" ni kazi. "Mabinti 20 wanajipatia kipato" ni lengo.
- Kazi na kalenda: nani atafanya nini, mwezi gani.
- Viashiria: mtajuaje kwamba mmefaulu, na nani atahesabu.
- Baada ya ruzuku: nani atalipa mwalimu au kutengeneza pampu fedha zikiisha. Sisi hapa ndipo tulipoanguka.

4. Bajeti

Onyesheni hesabu. Msiandike "usafiri: dola 600". Andikeni "safari 12 za gari, kila moja dola 50". Ombeni bei kwa wauzaji watatu na kutunza karatasi zao. Kwa kuwa sisi tunahesabu kwa franka na kwa dola, andikeni kiwango cha kubadilisha fedha na tarehe yake. Wekeni pia mchango wenu: chumba, viti, saa za watu wa kujitolea. Wala msipandishe bei ili kubakiza kitu pembeni. Huo ni uongo, na mkaguzi huugundua.

5. Tuombe wapi?

Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake mingi na shirika la USAID likafungwa. Kazi nyingi zilizotegemea mlango mmoja zilisimama. Basi tafuteni milango zaidi ya mmoja: makanisa rafiki ya nje, balozi zenye ruzuku ndogo za miradi ya mitaa, na hapa nyumbani, migodi. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka kampuni inayochimba itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mradi wake. Kama parokia yenu iko karibu na mgodi, ulizeni juu ya mfuko huo na juu ya cahier des charges iliyotiwa sahihi na jamii.

Someni masharti ya kila mfadhili kabla ya kuandika. Msimtumie anayefadhili afya mradi wa shule uliobadilishwa jina.

6. Baada ya jibu

Mkikataliwa, shukuruni na ulizeni sababu. Mkipewa, tunzeni kila risiti tangu siku ya kwanza, na jambo likiharibika andikieni mfadhili mapema, kabla hajaligundua mwenyewe.

Sisi tulirudi kwa mama wa mtaa wetu na kuuliza upya. Waliomba kujifunza kusoma na kuhesabu, ili wasidanganywe sokoni. Ombi hilo lilikuwa dogo kuliko la kwanza, na kabla ya kulituma tuliwasomea kwa sauti, mstari kwa mstari. Mama mmoja alitusahihisha: tulikuwa tumepanga darasa asubuhi, saa za soko. Tukabadilisha saa, tukalituma, na darasa linaendelea hadi leo.

Nanyi fanyeni hivyo: ombi lisitoke mkononi mwenu kabla ya kusomwa mbele ya wale ambao limeandikwa kwa ajili yao.