Gombe, Malagarasi na Kilichobaki Nje ya Picha

Mwaka 1962, mpigapicha Mholanzi Hugo van Lawick alifika Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Alitumwa na National Geographic Society ya Marekani kuwapiga picha sokwemtu ambao Jane Goodall alikuwa akiwachunguza tangu Julai 1960. Mwaka 1963 picha hizo zilichapishwa katika jarida la jumuiya hiyo, na mwaka 1965 filamu ikaoneshwa katika televisheni ya Marekani. Mwaka 1968 Gombe, iliyokuwa pori la akiba tangu 1943, ikawa Hifadhi ya Taifa. Picha peke yake hazikuleta uamuzi huo. Hata hivyo, bila kuzitaja ni vigumu kueleza jinsi ardhi isiyozidi kilometa za mraba 60 ilivyopata kujulikana dunia nzima.

Lakini picha huchagua. Ili sokwemtu wasogee karibu na kamera, waliwekewa ndizi kambini, na ndizi hizo zikawazidishia ugomvi. Aidha, watazamaji wa ng'ambo walioneshwa binti wa Kiingereza akiwa peke yake na wanyama msituni. Nje ya picha walibaki wavuvi walioanika dagaa ufukoni, vijiji vya Mwamgongo na Mtanga, na Watanzania waliopanda milima kila siku kuwafuata sokwemtu. Hilali Matama, mmoja wao, ndiye aliyeshuhudia mwezi Januari 1974 kundi moja la sokwemtu likimshambulia Godi, dume wa kundi jirani. Tukio hilo liligeuza mawazo ya wanasayansi kuhusu wanyama hawa. Mei 1975, watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya ziwa walipowateka watafiti wanne, wageni waliondoka Gombe. Watanzania ndio walioendelea kuandika kumbukumbu.

Gharama ya kuwaacha majirani nje ilionekana mwanzoni mwa miaka ya 1990. Goodall alipopita juu ya Gombe kwa ndege, aliona kisiwa cha msitu kilichozungukwa na vilima vitupu. Kilichokuwamo pichani kilikuwa kimehifadhiwa. Kilichokuwa nje kilikuwa kimegeuka kuni, mkaa na mashamba ya watu wasiokuwa na njia nyingine. Mwaka 1994 ulianzishwa mradi wa TACARE, ulioanza na mahitaji ya wanakijiji wenyewe: miche ya miti, afya, elimu na mikopo midogo. Baadaye picha za satelaiti zilitandazwa mbele ya wanakijiji ili wapange matumizi ya ardhi yao. Hapo picha ilipewa kazi mpya. Haikuwa tena ya kumshawishi mfadhili wa mbali tu, bali ya kumsaidia jirani wa msitu kuamua.

Somo hili linatuhusu leo tunapotazama kusini na mashariki mwa Gombe, kwenye bonde la mto Malagarasi, unaoingia Ziwa Tanganyika kusini mwa Ujiji. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, yenye hekta zipatazo milioni 3.25, iliorodheshwa mwaka 2000 kuwa eneo la kwanza la Tanzania chini ya Mkataba wa Ramsar. Ni kubwa kuliko Gombe zaidi ya mara 500, lakini wangapi kati yetu wamewahi kuona picha yake? Humo anaishi nzohe, swala wa majini, na korongo yule wa ajabu mwenye domo mithili ya kiatu. Kinamasi kisichoonekana huhesabiwa kuwa ardhi isiyo na kazi, inayongoja kukaushwa. Kwa hiyo picha zinahitajika.

Hatari ni kurudia kosa la zamani. Picha ya korongo katika kinamasi kisicho na mtu ni nzuri, lakini mezani kwa mtawala inaweza kuwa ushahidi kwamba mvuvi mwenye mtumbwi, mrina asali na mfugaji ni wavamizi. Wapo wanaoharibu, na sheria iwahukumu kwa matendo yao. Wengine ni sehemu ya historia ya bonde hilo, na bila wao halitalindwa.

Ushauri wangu kwa vijana wenye kamera na kwa maofisa wa wanyamapori ni mmoja: picha za Malagarasi zioneshwe kwanza Uvinza, Kasulu na Kibondo, kabla ya Dar es Salaam na London. Wenyeji wakijiona ndani yake, watakuwa na sababu ya kulinda kilichomo.