UZI: Nani anafaa kumlipa mwalimu wa chekechea?

1/ Kila msimu wa siasa swali hili hurudi. Anayetaka ugavana anasema serikali kuu ndiyo imewatupa walimu wa chekechea. Anayetaka ubunge anasema ni kaunti. Sitataja mtu wala chama hapa. Nataka tu turudi nyuma kidogo tuone hii kamba ilianza kuvutwa lini.

2/ Wakati wa mkoloni nasari zilikuwepo mijini, lakini za watoto wa Wazungu na Wahindi. Kwa Waafrika, nyingi za kwanza zilizaliwa mahali pabaya: vijiji vya dharura vya Mkoa wa Kati, miaka ya 1950. Mama amelazimishwa kwenda kuchimba handaki, mtoto abaki na nani? Watoto wakakusanywa pamoja, wakachungwa, wakapewa uji. Kusoma kulikuja baadaye.

3/ Uhuru ukaja 1963, na Harambee nayo. Wazazi wakachanga, wakaweka darasa la mabati kando ya kanisa, msikiti au shule ya msingi, kisha wakatafuta msichana wa kijijini awafunze watoto. Mimi nilipitia darasa kama hilo. Mwalimu wetu alilipwa na wazazi. Msimu mzuri aliongezewa debe la mahindi. Msimu wa njaa hakupata kitu, na bado alikuja.

4/ Serikali haikulala kabisa. Kati ya 1971 na 1982 kulikuwa na mradi wa chekechea katika Taasisi ya Elimu ya Kenya, ukifadhiliwa na wakfu wa Bernard van Leer kutoka Uholanzi. 1980 chekechea zikawekwa chini ya Wizara ya Elimu. 1984 kikaanzishwa kituo cha kitaifa, NACECE, cha kushughulikia mafunzo na mtaala. Sasa soma tena: usimamizi, mafunzo, mtaala. Mshahara huuoni hapo. Huo uliachiwa wazazi, na sehemu chache mabaraza ya miji.

5/ 2003 elimu ya msingi ikawa bure, lakini chekechea haikuwemo. Jiweke katika viatu vya mzazi maskini: darasa la kwanza hulipi, nasari unalipa. Kuna waliomweka mtoto nyumbani mpaka afikishe umri wa darasa la kwanza. Huyo mtoto aliingia darasa lililofurika akiwa hajawahi kushika penseli. Na kila mtoto aliyebaki nyumbani alikuwa karo iliyopungua kwa mwalimu wa nasari.

6/ Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: chekechea ni kazi ya kaunti. Sera, viwango, mtaala na shule za msingi ni za serikali ya kitaifa. Sasa chekechea nyingi za umma ziko ndani ya ua wa shule ya msingi. Geti ni moja, kengele ni moja, waajiri ni wawili. Mwalimu wa Gredi ya Kwanza yuko chini ya TSC. Wa PP2, mlango wa pili, yuko chini ya kaunti, na wengi wamekaa kwa kandarasi.

7/ Kwa hivyo mgombea wa ubunge akiahidi kuajiri walimu wa chekechea, muulize: kwa sheria gani? Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali moja kuhamishia nyingine kazi kwa makubaliano. Je, ana mpango huo, ama anaongea tu? Na gavana akisema pesa zimekwama Nairobi, muulize chekechea imetengewa ngapi kwa bajeti ya kaunti, na ni walimu wangapi wana ajira ya kudumu.

8/ Msimamo wangu: sijali sana mshahara utoke ofisi gani, bora utoke kila mwezi na uwe na pensheni. Yule mwalimu wangu aliacha kazi uzeeni bila senti ya kustaafu, kwa sababu hakuwahi kuwa na mwajiri wa kudaiwa. Tukikutana sokoni bado huniuliza kama niliacha kuandika S ikiangalia nyuma.

9/ Kaunti yako inawalipa vipi? Andika hapo chini. Bila matusi, tafadhali.