Kutoka Kioo cha Darwin hadi Mtandao wa Neva: Upimaji wa Miche kwa Picha

Insha hii inafuatilia namna upimaji wa miche ulivyohama kutoka jicho la mtafiti hadi kwenye kompyuta. Hoja yake ni kwamba mkono wa binadamu haukuondoka katika kazi hiyo. Ulibadilishiwa mahali tu.

Mwaka 1880, Charles Darwin na mwanawe Francis walichapisha utafiti wao kuhusu mwendo wa mimea. Walibandika kwenye mche uzi mwembamba wa kioo wenye tone la lakiri nyeusi, wakaweka nyuma yake kadi yenye nukta, na mbele wakasimamisha kioo bapa. Mtazamaji alisogeza kichwa hadi tone na nukta vikalingana, ndipo akatia alama kwenye kioo. Baada ya saa nyingi alama hizo ziliunganishwa kwa mistari. Mwendo usioonekana ukaonekana, ingawa kila alama ilitegemea uthabiti wa jicho moja.

Frits Went, huko Utrecht mwaka 1928, alikwenda mbali zaidi. Alikata ncha ya mche wa oti, akaweka juu ya upande mmoja wa kisiki chake kipande cha agari chenye homoni ya ukuaji. Mche ukapinda, kivuli chake kikanaswa kwenye karatasi ya picha na pembe ikapimwa. Kemia ya wakati ule haikuweza kupima homoni kidogo namna ile, hivyo mche wenyewe ndio uliokuwa mizani.

Kompyuta hazikuleta nafuu upesi. Kwa programu kama ImageJ, mtafiti bado alifuata kwa kipanya shina la kila mche, mmoja baada ya mwingine.

Mwaka 2015 watafiti wa Freiburg, Ujerumani, walitoa U-Net, mtandao wa neva uliobuniwa kwa picha za hadubini, unaoamua kila nukta ya picha ni sehemu ya kitu gani. Mwaka 2019 wenzao wa Szeged, Hungaria, walichapisha njia ya ujifunzaji wa kina ya kupima shina changa lililo chini ya majani ya mbegu. Lakini mashine hujifunza kutokana na picha ambazo mtu amekwisha kuzichora mipaka: shina linaishia hapa, mzizi unaanzia pale. Katika mmea wenyewe mpaka huo ni wa taratibu, hauna mstari. Maabara mbili zikiuchora tofauti, mashine zao zitatoa urefu tofauti kwa mche uleule, kila moja bila kusita.